Kwa nini hakuna shamba la mivule?

Msaji una Longuza na Mtibwa. Msindano una Sao Hill kule Mufindi, maelfu kwa maelfu ya hekta. Mkaratusi umejaa vilima kuanzia Njombe hadi Kisii. Lakini mvule, mti wa hapa hapa, ambao seremala yeyote wa Kampala, Mombasa au Mtwara atautaja bila kufikiri ukimuuliza mbao bora anazozijua, hauna shamba la kuonyesha. Ukinunua mlango wa mvule leo, karibu huna haja ya kuuliza nani alipanda mti wake. Ulijiotea wenyewe, msituni au kwenye shamba la migomba la mtu, pengine kabla babu wa muuzaji hajazaliwa.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba mvule unachelewa kukua. Lina ukweli, ila halitoshi. Msaji nao huwangojesha wenye mashamba miongo kadhaa, na bado watu wanaupanda tangu Wajerumani walipouleta. Ugumu wa mvule ni fundo la baiolojia na sheria: ukivuta uzi huu, ule unakaza. Ndiyo maana inafaa kuufungua polepole, tukianza na mti wenyewe.

Mvule ni wa ukoo mmoja na mfenesi, mkuyu na mforosadi. Ukitia panga kwenye gome, utomvu mweupe unatoka kama kwa ndugu zake hao. Mti mzima hufika mita 30, na penye mvua nzuri na udongo wa kina hufika 50. Shina linaweza kuzidi mita 2 kwa upana na kupanda wima mita 20 bila tawi hata moja, jambo linalomfanya mpasuaji mbao ausimamie chini akiwa ameinua kichwa na kuanza kupiga hesabu. Makao yake ni misitu ya mvua ya nyanda za chini na pembezoni mwake, kuanzia Guinea-Bissau upande wa Magharibi, kupitia bonde la Congo, hadi Ethiopia, Angola na Msumbiji. Upande wetu utaukuta Usambara, Pugu na Rondo nchini Tanzania, Shimba Hills nchini Kenya, Mabira na Budongo nchini Uganda, na kwa wingi zaidi katika misitu ya mashariki ya Kongo.

Majina yake ya biashara yanachanganya watu. Ghana wanasema odum, Nigeria na Ivory Coast iroko, Kongo ya Wabelgiji iliuuza kama kambala, Msumbiji ni tule. Ulaya jina lililoshinda ni iroko, kwa hiyo Mswahili anayeishi London akinunua meza ya bustani ya iroko amenunua mvule bila kujua. Wataalamu wa mimea nao hawakukaa kwenye jina moja: vitabu vya zamani vinasema Chlorophora excelsa, na tangu mwaka 1982, baada ya kazi ya mtaalamu C. C. Berg, jina linalotumika ni Milicia excelsa. Afrika Magharibi ina ndugu yake wa karibu, Milicia regia, na sokoni mbao za wote wawili huuzwa bila kutenganishwa.

Sasa mbao. Ikitoka kwenye msumeno ni ya njano, karibu kuudhi macho. Iache kwenye mwanga na inakolea taratibu hadi kahawia ya dhahabu, kisha kahawia iliyoiva. Ikikauka, mita moja ya ujazo ina uzito wa wastani wa kilo 650 hivi. Ni nzito kiasi, lakini haifikii hata karibu uzito wa mpingo. Sifa anayoithamini fundi kuliko zote ni kwamba haichezi. Mbao nyingi hunywa unyevu wa masika zikavimba, halafu kiangazi zikasinyaa, na mlango uliofungwa vizuri mwezi wa Januari unakwama Aprili. Mvule uliokaushwa sawasawa hubadilika kidogo tu. Kasoro yake ni nyuzi. Zimepishana, tabaka moja likielekea huku na jingine kule, hivyo randa inayoteleza vizuri upande huu inang'oa vipande ukigeuza. Fundi mzoefu hunoa mara nyingi na kula mbao kidogo kidogo.

Kwa sifa hizo, orodha ya kazi zake ni ndefu. Pwani umeingia kwenye vyombo vya bahari, na maji ya chumvi hayaugopeshi. Ziwa Victoria limezoea boti zake zilizopigwa kwa mvule na mkangazi. Milango ya nakshi ya Zanzibar na Lamu ilitengenezwa kwa msaji ulioletwa kutoka India, kwa mfenesi, na kwa mvule. Umeifaa patasi ya fundi nakshi kwa sababu ni mgumu wa kutosha kushika ua dogo bila kumeguka. (Wageni wengi huambiwa kwamba hata dari za nyumba za mawe zimebebwa na mvule. Hapana. Zile ni boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba.) Wakoloni waliutumia kwenye madaraja, nguzo za gati, mabenchi ya makanisa na meza za maabara za shule, kwa sababu hauliwi upesi na maji wala kemikali. Ulaya umekuwa mbadala wa msaji kwa miongo mingi: ngazi, madirisha, sakafu, sitaha za boti.

Na juu ya yote, mchwa hauwezi. Nguzo ya mvule inaweza kukaa ardhini miaka mingi mahali ambapo msindano usiotiwa dawa ungeisha kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi.

Hapo ndipo linapoanza jambo la ajabu. Mti ambao mbao yake inamshinda mchwa, unashindwa na mdudu wa milimita chache ukiwa bado mche. Ukiuelewa utata huu, umeelewa nusu ya sababu ya kukosekana kwa mashamba.

Mti haujengi kinga yake kila mahali. Ndani ya shina kuna sehemu mbili. Ile ya nje, nyeupe au ya manjano hafifu, ndiyo iliyo hai na inayopandisha maji. Ya katikati, kiini, imekufa. Kazi yake ni kubeba uzito tu. Seli za mbao zinapokaribia kufa ili ziwe kiini, mti huzijaza kemikali ambazo ukungu na wadudu hawazitaki. Kwa mvule kemikali kuu inaitwa kloroforini, jina lililotokana na lile jina la zamani la mti. Hiyo ndiyo dawa inayomkimbiza mchwa, na hiyo ndiyo inayowakohoza mafundi. Vumbi la mvule huwasha ngozi, hupigisha chafya, na kwa wengine huleta pumu. Fundi anayepiga msasa mvule siku nzima bila kufunga kitambaa puani anajilimbikizia matatizo, hata kama leo hajisikii vibaya.

Kinga ipo kwenye kiini, basi. Ile mbao nyeupe ya nje, ambayo kwenye gogo kubwa ina unene wa sentimita 5 hadi 7 hivi, haina ulinzi wowote wa maana. Wadudu wanaobungua mbao huigeuza unga. Kwa hiyo mti mchanga, ambao kiini chake ni chembamba kama mpini, hauna cha kujivunia. Hili linawahusu wanunuzi moja kwa moja. Ukiuziwa mbao ya mvule yenye ukanda mpana mweupe pembeni, umeuziwa mbao mbili zilizoshikana, moja itakayodumu na moja itakayoliwa. Na gogo changa linalokatwa kwa haraka ya pesa linatoa zaidi ile ya pili. Miaka ya mti ndiyo inayonunuliwa, hata kama bei inapangwa kwa futi.

Mche hauna kiini kabisa. Ni maji, majani laini na kikonyo cha kijani. Mdudu anayeufuata ni wa jenasi ya Phytolyma, jamaa wa vidukari, mwenye mabawa, na haishi kwenye mti mwingine zaidi ya miti ya jenasi ya Milicia. Jike hutaga mayai kwenye machipukizi na majani. Yanapoanguliwa, watoto wake hujichimbia ndani ya tishu laini, na ndani ya siku moja au mbili mche wenyewe unawajengea nyumba: unavimba pale walipoingia, kinundu cha kijani kinawafunika kabisa. Humo hula na kukua kwa wiki chache. Kisha kinundu kinapasuka, wadudu wazima wanaruka kwenda kwenye mche wa jirani, na uvimbe ulioachwa wazi unashambuliwa na ukungu na kuoza. Chipukizi linakauka kutoka nchani kushuka hadi linapokutana na sehemu ngumu. Mche unatoa chipukizi jingine. Nalo linavamiwa. Baada ya mizunguko kadhaa, mche umebaki kisiki kilichojaa makovu, na magugu yameupita kwa urefu.

Dawa ya kupuliza haisaidii sana, kwani mdudu yuko ndani ya kinundu, amefunikwa na mmea wenyewe. Dawa zinazofyonzwa na mche hufanya kazi kitaluni, lakini nani atazinunua kwa miaka hadi mti upate ukubwa wa kuvumilia, shambani, mvua ikinyesha? Afrika Magharibi, ambako tatizo limechunguzwa zaidi, vitalu vizima viliteketea. Taasisi ya utafiti wa misitu ya Ghana, yenye makao Kumasi, imetumia miongo kadhaa kwa mdudu huyu mmoja.

Mtu atauliza: mbona msituni mivule ilikua? Mdudu alikuwepo tangu zamani. Jibu ni umbali. Katika msitu wa asili, mara nyingi hekta nzima haina hata mvule mmoja wa kufikia kuvunwa. Miti imetawanyika, miche nayo imetawanyika, na mdudu anayekula mvule peke yake lazima autafute mmoja mmoja katikati ya mamia ya aina nyingine za miti. Mingine anaipata, mingine anaikosa. Ile anayoikosa ndiyo mivule tuliyonayo. Shamba la mistari, mche kila baada ya mita 3, linaufuta umbali huo wote kwa siku moja ya kupanda. Misaji haina adui wa aina hiyo huku kwetu. Aliachwa kwao Asia, au hakuwahi kuwa mkali kiasi hicho. Mvule, kwa bahati mbaya, uko nyumbani, na adui yake yuko nyumbani pia.

Watafiti walijaribu kivuli, na walipata kitu: miche iliyo chini ya kivuli haishambuliwi sana kama iliyo juani. Ingekuwa habari njema, lakini mvule ni mti unaopenda jua. Chini ya msitu uliofunga hauendelei. Unangoja mti mkubwa uanguke uache upenyo, ndipo upande. Ukiupa kivuli kingi, mdudu anapungua na ukuaji unapungua vilevile. Ukiupa jua lote, unakua kwa kasi na mdudu anafurahi. Njia iliyoonyesha matumaini ni ya katikati: mivule michache iliyochanganywa na miti ya aina nyingine, ikipata kivuli chepesi utotoni, kisha jirani zake wapunguzwe ili jua liingie. Sambamba na hilo Waghana wamekuwa wakitafuta mivule ambayo kwa asili yake inavimba kidogo au inamfungia mdudu ndani ya kinundu kigumu asiweze kutoka, na kuizalisha kwa vipandikizi. Ni kazi nzuri. Lakini sikiliza inavyosema: mvule unakubali kupandwa, mradi usiwe shamba la mivule.

Upande wa uzazi kuna ugumu ambao wengi hawaujui. Mivule ina dume na jike, kama mpapai. Dume hutoa maua meupe membamba yanayoning'inia kama mikia. Jike hutoa ya kijani, mafupi na manene. Upepo ndio unaobeba chavua. Matunda ya jike yanafanana na forosadi refu la kijani, na ndani yake mna mbegu ndogo sana, milimita 2 hivi, laki kadhaa katika kilo moja. Mbegu za ukubwa huo hazina akiba ya chakula. Zikiota, mche unategemea jua tangu wiki za kwanza.

Anayezisambaza ni popo, yule mkubwa wa rangi ya majani makavu ambaye kwa miaka mingi alikuwa na makao maarufu katikati ya Kampala, na ambaye kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba hujaa kwa mamilioni Kasanka, Zambia. Huruka makumi ya kilomita kwa usiku mmoja kutafuta matunda. Hula forosadi la mvule, mbegu zinapita tumboni salama, na kinyesi chake kinaanguka popote anapopita: kwenye upenyo wa msitu, kando ya barabara, katikati ya shamba la kahawa. Ndege na wanyama wengine husaidia, ila hakuna anayezipeleka mbali kama yeye. Kwa hiyo kila mtu anayefukuza popo kwa moto na mawe kwa sababu wanachafua mabati, anafukuza mpanda mivule. Sisemi mabati hayachafuki.

Hivyo ndivyo mvule ulivyoingia shambani. Busoga, mashariki mwa Uganda, mivule ilikuwa sehemu ya sura ya nchi: mikubwa, imesimama mmoja mmoja juu ya migomba na mahindi, mbali na msitu wowote. Wakulima hawakuipanda kwa mistari. Mche ukijiotea, mwenye shamba aliupalilia pembeni, akauacha. Kivuli chake si kizito sana, majani yake yanarutubisha, na siku ya shida ni benki. Hali kama hiyo iko kwa wakulima wa kakao wa Ghana na Ivory Coast. Ukitafakari, shamba la mchanganyiko la mkulima mdogo ni lile lile jaribio la watafiti: miti michache, umbali, kivuli chepesi cha migomba, jua linalokuja baadaye.

Lipo jambo jingine la kuupenda mvule shambani, na limechunguzwa vizuri na watafiti wa Uswisi huko Ivory Coast. Wapasuaji wanajua kwamba ndani ya mvule mara nyingine kuna jiwe. Jiwe hasa, jeupe, kubwa kama yai la kuku au kushinda hapo, na meno ya msumeno yakiligusa yanakwisha. Wengi huliona kama mkosi. Wengine wamelipa hadithi za mizimu. Ni chokaa. Mti huu hutengeneza ndani ya tishu zake chumvi za oksaleti zenye kalisi. Gome, mizizi na matawi yanapooza, ukungu na mchwa huyafungua, kisha bakteria hula ile oksaleti na kuacha kaboneti ya kalisi, yaani chokaa, ndani ya majeraha ya shina na kwenye udongo unaozunguka. Mti mmoja mkubwa huweza kukusanya mamia ya kilo maishani mwake. Ajabu ni kwamba hutokea hata penye udongo wa asidi usio na mwamba wa chokaa popote: chini ya mvule, asidi inapungua, na udongo unaweza hata kugeuka kuwa wa alikali. Kwa mkulima wa udongo mwekundu uliochoka, chokaa ni kitu cha kununua kwa mifuko. Na kwa wanaohesabu hewa ya ukaa, sehemu ya kaboni iliyovutwa na majani inabaki ardhini kama madini, ambako haiozi wala haiungui upesi kama mbao.

Basi kama shamba la mkulima ndilo linaloufaa, mbona mivule ya mashambani inazidi kupungua? Hapa ndipo sheria inapoingia, na kwa maoni yangu ndipo palipo na kosa kubwa zaidi.

Chini ya Waingereza nchini Uganda, mvule ulilindwa hata ukiwa ndani ya shamba la mtu: kuukata kulihitaji kibali. Tanzania, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeendeleza utaratibu wa zamani wa miti maalumu ambayo haikatwi bila kibali hata ikiwa nje ya hifadhi, na mvule ni wa kundi hilo. Magogo yanapimwa, yanagongwa nyundo ya alama, ushuru unalipwa, hati ya kusafirishia inaandikwa. Nia ni nzuri na bila utaratibu huo mivule mingi ingekwisha zamani. Lakini tazama kwa jicho la mwenye shamba. Mche wa mvule umejiotea kati ya migomba yake. Akiuacha, utamchukulia nafasi, na siku ukifika kukatwa atahitaji safari za ofisini, gharama, na mara nyingi mtu wa kati mwenye msumeno wa mnyororo na anayezijua ofisi, ambaye ndiye atakayebaki na faida. Akiung'oa leo ukiwa na urefu wa goti, hakuna anayejua. Sheria imeuona mti, mche haijauona.

Ghana ndiyo kielelezo kikali zaidi. Sheria ya mwaka 1962 iliweka miti yote ya mbao iliyojiotea, hata ya shambani, mikononi mwa Rais kwa niaba ya taifa. Kampuni yenye mkataba ingeweza kuja kukata odum juu ya kakao ya mtu, ikaponda mikakao, na fidia ikawa ya kubahatisha. Wakulima wakajibu kwa namna ambayo haihitaji maandamano: waliua miche, na mikubwa waliivua gome pembeni au kuichoma chini ikakauka. Marekebisho ya mwaka 2002 yaliondoa miti iliyopandwa na watu binafsi kwenye mikataba hiyo ya serikali. Ni hatua. Ila mvule, kama tulivyoona, kwa kawaida haupandwi; hujiotea na kuachwa. Mkulima aliyeulea mche kwa miaka 40 bila kuupanda kwa mkono wake, ana uthibitisho gani kwamba ni wake?

Wakati huo huo hamu ya soko haipungui. Uwanda wa juu wa Rondo, mkoani Lindi, mivule yake ilivunwa kwa wingi miaka ya 1940 na 1950, na eneo kubwa likageuzwa shamba la misaji na misindano. Katika vipande vya msitu wa asili vilivyosalia huko anaishi komba mdogo ambaye wanasayansi hawakumtambua kama aina ya pekee hadi miaka ya 1990, komba wa Rondo, naye yuko hatarini kutoweka. Leo mvule mwingi unaouzwa Kampala na Nairobi hutoka mashariki ya Kongo, ukipasuliwa humo humo msituni kwa misumeno ya mnyororo, sehemu kubwa ya gogo ikiishia kuwa mabanzi na pumba, kisha mbao zinapita mipakani kwa malori pamoja na libuyu na mkangazi. Kenya iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, nyumba hazikuacha kujengwa. Mbao zilitoka kwa jirani.

Ulinzi wa kimataifa haujaufikia kwa namna moja na wenzake. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Panama mwezi Novemba 2022 uliingiza mikangazi, mininga ya Afrika na miti ya jenasi ya mbambakofi kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa. Mvule haukuwamo. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliuweka mwaka 1998 katika kundi la miti iliyo karibu kutishiwa. Kundi hilo linapotosha kidogo, kwa sababu mti unaopatikana kutoka Atlantiki hadi Bahari ya Hindi hauwezi kuonekana hatarini kwenye ramani, hata kama wilaya moja baada ya nyingine imebaki na visiki.

Kwa anayetaka kupanda, mambo yafuatayo yanajulikana vya kutosha kuanza nayo. Usipande mingi pamoja. Mivule mitano iliyotawanyika kwenye ekari yenye migomba, kahawa au miti mingine ina nafasi nzuri kuliko hamsini iliyopangwa. Mbegu hazidumu zikiachwa ovyo, kwa hiyo zioshwe kutoka kwenye matunda yaliyoiva, zikaushwe kivulini na kusiwa mapema. Huota ndani ya wiki chache. Vipande vya mizizi navyo huchipua, na kisiki kilichokatwa hutoa machipukizi, kwa hiyo kukata si lazima kuwe mwisho wa mti ule. Ukiona vinundu vya kijani kwenye ncha za machipukizi, vikate na kuvichoma kabla havijapasuka. Jani lenye meno pembeni na manyoya chini lisikutishe kwamba umeuziwa mti mwingine: mvule mchanga una majani ya namna hiyo, mkubwa una majani laini. Na muulize afisa misitu, kwa maandishi, jinsi ya kuandikisha mti uliopanda ili wajukuu wasije wakaambiwa ulijiotea.

Mbegu zenyewe ndizo zinazoanza kuwa tatizo. Vibali vya kukata hutazama unene wa shina: ukifikia kipimo, unakatwa. Hakuna anayeandika kama ni dume au jike, na wala haijulikani kwa kutazama gogo. Mivule ikiwa mingi, hilo halina madhara. Ikibaki minne katika kijiji kizima, na miwili mikubwa iliyonyooka ikauzwa mwaka mmoja, inawezekana kabisa iliyobaki yote ni majike, na chavua haitoki popote. Popo watapita usiku wasikute cha kubeba. Anayetaka kujua ya kijijini kwake ni ya jinsia gani hana budi kungoja msimu wa maua aangalie chini ya miti: mikia myeupe iliyoanguka ni ya dume. Baada ya hapo ndipo aende ofisini kuzungumzia kibali.